Massospondylus wa Kariobangi: shajara ya kuunda mifupa yake

18 Januari

Mnyama ambaye kiunzi chake tutaunda kwa ajili ya ukumbi wa maktaba tumeshamchagua: Massospondylus, dinosaria wa shingo ndefu. Watoto wa maktaba ya mtaa kule Dandora walikuwa wakimtaka Giraffatitan, yule jitu ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, upande wa Lindi, kati ya 1909 na 1913, kisha ikasafirishwa hadi Berlin. Nawaelewa kabisa. Ila kiunzi kile kina kimo cha zaidi ya mita 13, na dari ya ukumbi wetu fundi wa stima huigusa akiwa juu ya meza. Tena mimi nilitaka waanze na waliotangulia, dinosaria wa shingo ndefu walioishi kabla majitu hayajaenea, kwa sababu hapo ndipo maswali mazuri yalipo. Shingo ilianza kurefuka lini? Walianza lini kutembea kwa miguu minne? Walikula majani matupu au walichanganya?

Massospondylus aliishi mwanzoni mwa Jurasiki, kati ya miaka milioni 200 na 183 hivi iliyopita, katika nchi ambazo leo ni Afrika Kusini, Lesotho na Zimbabwe. Mkubwa wake alikuwa na urefu wa mita 4 hadi 6 kutoka puani hadi ncha ya mkia. Wetu atakuwa wa mita 4, kwa hiyo ni kipimo halisi kabisa, hatukumpunguza. Ukumbi unamtosha, na nafasi ya watoto kumzunguka inabaki.

Ndani ni chuma, nje ni karatasi. Fundi wa kuchomelea ana karakana hapa Kariobangi Light Industries, na ametupa kona ya nyuma, chini ya mabati, bila kodi. Vyuma vya mviringo vya milimita 10 vitabeba uti wa mgongo na miguu, vya milimita 6 vitakuwa mbavu. Magazeti ya zamani tunayo magunia.

1 Februari

Vipimo. Nataka kila mfupa tunaouchonga uwe na asili yake, nisije nikaulizwa na mtoto nikabaki kukisia.

Historia ya mifupa ya mnyama huyu inaumiza kidogo. Ya kwanza iliokotwa 1853 na Joseph Orpen, eneo la Harrismith, ikapelekwa London. Mwaka uliofuata Richard Owen akaiandika, na kwa kuwa ilikuwa vipandevipande, akaigawa katika wanyama watatu wenye majina tofauti: Massospondylus, Pachyspondylus na Leptospondylus. Baadaye ikaonekana kwamba majina yale matatu yalihusu aina moja ya mnyama, likabaki la kwanza. Kisha Mei 1941 mabomu ya Wajerumani yakaangukia jumba la makumbusho ya madaktari wapasuaji mjini London, na mifupa yenyewe ikateketea. Zilizosalia ni nakala za plasta tu.

Kwa bahati njema, Afrika Kusini ilikuwa imeendelea kutoa mifupa ya mnyama huyu kwa wingi, na 2010 wataalamu Adam Yates na Paul Barrett wakapendekeza kiunzi kingine kishike nafasi ya ule mfano wa kwanza. Kiko Johannesburg, Chuo Kikuu cha Witwatersrand, namba yake ni BP/1/4934, na wenyewe wanamwita Big Momma. Huyo ndiye tunayemfuata. Maelezo ya mifupa yake yamechapishwa wazi, pamoja na picha za kila upande. Nimezichapisha kwenye karatasi kubwa na kuzibandika ukutani karakanani, na fundi huziangalia kabla ya kuwasha mashine.

9 Februari

Shingo imekamilika, na nimefurahi kupita kiasi.

Mtu akiangalia shingo ya mnyama huyu kwa haraka hudhani ina pingili nyingi mno. Sivyo. Urefu unatokana na kila pingili kuvutwa, si na wingi wake. Zile za katikati ya shingo ni ndefu, nyembamba, za chini-chini. Ukizilinganisha na za mgongoni, ambazo ni fupi na nene, unaona mara moja kazi tofauti walizopewa. Za shingoni hubeba kichwa kidogo na kukifikisha mbali. Za mgongoni hubeba tumbo.

Tumekata paipu za plastiki za mafundi bomba, kila kipande kwa urefu wake, tukapitisha chuma katikati. Juu yake tunafunga vipande vya gazeti vilivyolowekwa kwenye uji wa unga wa ngano uliotiwa gundi ya mbao. Tabaka moja, kuanika, jingine. Pingili ya sita ndiyo ilinifundisha kazi hii: ina ukingo mrefu wa chini unaokwenda mbele hadi nyuma, na mbavu mbili nyembamba za shingo zinazolala sambamba nayo, nyembamba kama uzi wa sindano kubwa. Tulijaribu karatasi zikajipinda. Waya wa kufungia ndio uliokubali, kisha tabaka moja tu la karatasi laini.

Mkia una pingili zaidi ya 40. Hizo tumewaachia vijana, na wanakwenda nazo vizuri. Nyongani ni pingili 3 zilizoungana na mifupa ya nyonga.

22 Februari

Leo nitaandika kwa urefu, kwa sababu tumeamua jambo ambalo linaamua kiunzi kizima: asimame vipi.

Michoro mingi ya zamani humwonyesha mnyama huyu akiwa ameinama, viganja chini, akitembea kwa miguu minne, na mara mojamoja akijiinua kufikia matawi. Fundi aliupenda mkao huo, na kwa sababu ya kweli: miguu minne ni imara zaidi kuchomelea, na mtoto akimning'inia shingoni haanguki. Ni hoja nzito. Lakini mifupa ya mkono inakataa.

Niliwaita watoto waliokuwapo, nikawaambia kila mmoja akunje kiwiko, ashike kigasha chake kwa mkono wa pili, kisha ageuze kiganja kitazame chini. Ndani ya kigasha kuna mifupa miwili, na unapogeuza kiganja unasikia mmoja ukipita juu ya mwenzake. Bila huo mzunguko, kiganja hakigeuki. Mwaka 2007 Matthew Bonnan na Phil Senter walichunguza mikono ya Massospondylus na ya binamu yake wa Ulaya, Plateosaurus, wakaona kwamba mifupa ile miwili haikuweza kupishana namna hiyo. Viganja vyake vilitazamana, kama vya mtu anayetaka kupiga makofi. Mnyama asiyeweza kuweka kiganja chini, na ambaye mikono yake ni mifupi kuliko miguu, hatembei juu ya mikono.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda hata zaidi, kwa kuwa ni mfupa mdogo ambao watu huupita. Ni mtulinga. Mwaka 2005 Yates na mwenzake walieleza kiunzi ambacho mitulinga yake miwili ilikutwa mahali pake, imekutana katikati ya kifua. Mitulinga ikikutana, mabapa ya mabega hayawezi kuwekwa mbalimbali ubavuni. Lazima yasogee mbele na kukaribiana. Kifua kinakuwa chembamba. Tulipoiga hivyo kwa waya, mikono yenyewe ikajiweka: ikaning'inia mbele ya kifua, viwiko nyuma, viganja ndani.

Fundi aliniuliza, "Sasa mwalimu, uzito wote huu anauweka wapi?"

Nyongani. Tundu la nyonga la dinosaria limepenya upande hadi upande, na kichwa cha fupapaja kinaingia kutoka ubavuni, kwa hiyo mguu unasimama wima chini ya mwili. Mjusi miguu yake hutoka pembeni. Dinosaria hana mambo hayo. Mbele ya nyonga kuna shingo, kifua na tumbo kubwa la mla majani. Nyuma kuna mkia ambao peke yake ni karibu nusu ya urefu wote. Mizani iko hapo. Fundi alichukua chuma cha mgongo ambacho kilikuwa bado uchi, akakiweka juu ya bomba pale ambapo nyonga itakaa, akaanza kuning'iniza matofali upande wa mkia hadi kikatulia. Hakusema neno. Akachukua chaki akaweka alama, akaniambia tutachomelea hapo, miguu miwili, na bamba la chuma chini ya nyayo lifichwe na mchanga.

Nimemheshimu sana fundi huyu leo. Alikuwa na sababu zake nzuri, akaziacha baada ya kuona mifupa.

1 Machi

Mikono imekamilika. Vidole ni vitano, lakini havilingani hata kidogo. Gumba ni nene, na lina kucha kubwa iliyopinda ambayo ndiyo kitu cha kwanza kila anayeingia karakanani anakigusa. Cha pili na cha tatu ni vya kawaida. Cha nne na cha tano ni vidogo, vimekaa pembeni.

Kucha ile ilikuwa ya kazi gani? Kujihami, kuvuta matawi, kuchimbua, vyote vimependekezwa. Kwenye maelezo ya ukutani nitaandika tu ilivyokaa na jinsi ilivyoweza kusogea, kisha niwaulize watoto wao wangeitumiaje.

8 Machi

Kichwa. Ni kidogo, karibu nusu tu ya urefu wa fupapaja, na matundu ya macho ni makubwa kupita inavyotarajiwa. Nilikichonga mwenyewe kwa plasta juu ya wavu wa waya. Karatasi haikunipa kingo safi nilizotaka kuzunguka jicho na pua.

Meno yalinichukua muda mrefu kuliko fuvu lenyewe. Ya mbele ni membamba na yamechongoka kiasi. Ya nyuma yana umbo la jani, na kingo zake zina vijino vikubwa vya msumeno. Meno ya namna hiyo tunayaona leo kwa mijusi waitwao iguana, ambao hukata majani lakini hawayatafuni. Wapo pia wanaosema Massospondylus alikula mimea kwanza na nyama ndogondogo alipoipata. Zamani ilisemekana pia kwamba alisaga chakula kwa mawe ya firigisi, kwa kuwa vielelezo vingine kutoka Zimbabwe vilikutwa na mawe tumboni. Lakini 2007 Oliver Wings na Martin Sander walipima mawe ya mbuni, wakayalinganisha na yale yanayokutwa pamoja na sauropoda, yale majitu ya shingo ndefu kama Giraffatitan, na ya sauropoda yakaonekana machache mno kwa mwili mkubwa vile kuweza kusaga. Kwa hiyo hatumwekei mawe. Tumemwekea mbavu pana, kwa sababu mla mimea asiyetafuna anahitaji tumbo refu la kuchachusha chakula kwa saa nyingi.

Jambo moja nimeling'ang'ania. Kijana anayetuchorea ukuta wa nyuma alikuwa ameanza na uwanda wa nyasi, kama wa Nairobi National Park, na twiga kwa mbali. Nilimwomba afute nyasi zote. Wakati wa Massospondylus nyasi hazikuwapo duniani, wala hapakuwa na maua tunayoyajua. Tulikwenda Arboretum tukaangalia misonobari na mimea ya jamii ya saikadi, tukapita bondeni tukaona majani ya kangaga. Sasa anachora hayo, na udongo mwekundu, maana miamba inayotoa mifupa hii inaonyesha mandhari iliyozidi kukauka kadiri muda ulivyosonga. Ukuta umependeza kuliko nilivyowaza.

15 Machi

Ubao wa nasaba. Hapa ndipo ninapotaka tuwe waangalifu kuliko mahali pengine pote, kwa sababu watoto wataamini mstari utakaochorwa.

Sehemu ya chini haina ubishi mkubwa. Massospondylus ni dinosaria, wa kundi la Sauropodomorpha, ukoo ule ule ambao baadaye ulitoa sauropoda wote wakubwa, Giraffatitan akiwamo. Nyonga yake ni ya mtindo wa Saurischia, yaani dinosaria wa nyonga ya kimjusi, mfupa wa kinena ukielekea mbele. Tatizo linaanza hapo katikati.

Kwa miaka mingi, tangu Friedrich von Huene alipotoa jina hilo 1920, wanyama kama Massospondylus na Plateosaurus waliwekwa katika kundi moja lililoitwa Prosauropoda, kana kwamba ni nyumba moja iliyojitenga. Leo wataalamu wengi hawalitumii tena kama kundi la ukoo. Wanaona kwamba wanyama wale ni matawi mbalimbali yaliyochipuka moja baada ya jingine kwenye shina linaloelekea kwa sauropoda. Baadhi yao wako karibu zaidi na majitu kuliko walivyo karibu na wenzao. Massospondylus amepewa jamaa yake, Massospondylidae, na ametokea juu kidogo ya pale Plateosaurus alipotokea.

Kijana mmoja wa sekondari aliyekuja kutusaidia alishachora ngazi: chini Mbiresaurus, katikati Massospondylus, juu Giraffatitan, mshale ukipanda. Ni mchoro unaoeleweka upesi na ndiyo maana sikuukubali. Nilikaa naye tukaongea hadi jioni. Mbiresaurus, aliyetangazwa 2022 kutoka Zimbabwe, ana miaka kama milioni 230 na urefu usiofika mita 2. Ni miongoni mwa dinosaria wa zamani kabisa wanaojulikana Afrika, na anastahili kuwa chini karibu na shina. Sawa. Lakini Massospondylus si baba wa jitu lolote. Huko huko Afrika Kusini, mwanzoni mwa Jurasiki, kulikuwa na Ledumahadi, aliyeelezwa 2018, mwenye uzito unaokadiriwa tani 12 na aliyetembea kwa miguu minne. Yaani wakati Massospondylus anatembea kwa miguu miwili, jamaa yake wa mbali alikuwa ameshakuwa mkubwa kuliko tembo. Huyu wetu hakuwa akisubiri kuwa mkubwa. Alidumu mamilioni ya miaka alivyo, na mifupa yake ni mingi kuliko ya karibu dinosaria mwingine yeyote wa miamba ile.

Kijana alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, mshale tuutoe?" Tukautoa. Badala yake tumetumia waya wa kufungia: shina moja linalopanda, matawi yanatoka upande huu na ule, kila tawi lina kipande cha bati chenye jina na umri. Ledumahadi yuko kwenye tawi lililo karibu zaidi na sauropoda. Massospondylus ana tawi lake, na pembeni yake tumening'iniza bati la Ngwevu, ambaye fuvu lake lilikaa miaka mingi kwenye kabati la Johannesburg likidhaniwa ni Massospondylus aliyebonyea, hadi 2019 lilipotambuliwa kuwa la mnyama tofauti. Bati hilo linafungwa kwa kulabu, haligandi, na mengine yote vivyo hivyo. Mtu akichapisha jambo jipya, tunahamisha.

Mtoto wa darasa la sita akauliza kama Kenya iko ubaoni. Mifupa ya dinosaria imepatikana Turkana, kwenye milima ya Lapurr, lakini ni ya Kretasia, mamilioni ya miaka mengi baadaye. Nimemtengea bati tupu pembeni aandike mwenyewe Lapurr na kipindi chake.

23 Machi

Mayai. Ni plasta tu, kipenyo cha sentimita 6, na yalikwenda haraka. Mwaka 1976 James Kitching alipata kundi la mayai 7 katika hifadhi ya Golden Gate Highlands, na ndani ya baadhi kulikuwa na viinitete, yaani vitoto ambavyo havijaanguliwa, ambavyo vilielezwa kwa kina 2005. Ni miongoni mwa viinitete vya zamani kabisa vya dinosaria vinavyojulikana. Baadaye, 2012, zikachapishwa habari za viota kutoka eneo hilohilo, kimoja kikiwa na mayai 34.

Viinitete vile vina kichwa kikubwa na mikono mirefu kulingana na mwili, na kwa sababu hiyo ilidhaniwa kwamba watoto walianza maisha kwa miguu minne, wakasimama walipokua. Uchunguzi wa baadaye ulilinganisha unene wa mfupa wa mkono na wa paja katika umri mbalimbali, na jibu likawa kwamba walitembea kwa miguu miwili tangu utotoni. Kwa hiyo kitoto tutakachoweka kando ya kiota nacho kinasimama. Mama mtunza maktaba ameomba kiwe mahali ambapo watoto wa chekechea wanakifikia kwa mkono.

30 Machi

Kiunzi kimesimama peke yake karakanani. Tulimtikisa shingo, tukamtikisa mkia, bamba la chini halikucheza. Wapita njia wanasimama mlangoni na kuuliza kama ni mbuni, na ninafurahi kuwaonyesha gumba.

Yaliyobaki: nyayo za nyuma, ambapo kidole cha tano ni kidogo sana na bado hatujakipa umbo, rangi, ambayo itakuwa ya mfupa uliokaa ardhini, kahawia iliyochanganyika na wekundu, na usafiri. Tutamfungua sehemu tatu, shingo, mwili na mkia, kwa bolti alizoacha fundi kwenye viungo, tumbebe kwa mkokoteni mapema Jumapili kabla barabara ya Outering haijajaa. Ukumbini, kichwa kitaelekea dirishani na mkia upande wa rafu za vitabu. Ubao wa nasaba utatangulia leo jioni, maana mama wa maktaba anataka kuupigilia misumari mwenyewe.